Kuhamishia betri kwenye buti: somo kwa wenye sedani

Wakuu, maswali ya betri ya buti yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa wenye Toyota Altezza wanaofunga turbo kisha wanakosa nafasi chini ya boneti. Sababu za maana ni mbili tu: nafasi na joto. Betri ya asidi haipatani na joto, ukiibananisha na turbo inakufa kabla ya wakati wake. Kama wewe umeona tu boneti safi ya mwenzako ukaitamani, iache betri ilipo.

Jambo lenyewe si geni. BMW E46 na Mazda MX-5 za kwanza zilitoka kiwandani na betri kwenye buti, na Prius nyingi mnazoziona barabarani betri yao ndogo ya volti 12 iko nyuma. Ila kiwanda kiliweka na bomba la kutoa gesi, na njia ya waya iliyofikiriwa. Kwenye BMW kichwa cha chanya kina hadi baruti ndogo ya kukata waya wa starta gari likipata ajali kubwa. Baruti hatutaiweza, hayo mengine tunayaweza.

Kinachonitisha kwenye kazi hii ni waya kuliko betri. Betri ikiwa mbele, waya wa chanya ni mfupi na unauona ukifungua boneti. Ukiihamisha, waya huo unakuwa wa mita 4 hadi 5, unapita chini ya kapeti juu ya bodi ambayo yote ni hasi, na ukizima gari umeme bado umo. Ukichubuka mahali, mamia ya ampea yanamwagika hapohapo, na fyuzi zote za gari ziko mbele, hakuna hata moja itakayojua.

Hatua ya 1: Waya
Nunua waya wa shaba halisi wenye nyuzi nyembamba nyingi, ile inayotumika kwenye mashine za kuchomelea. Unene milimita za mraba 50, au 35 kwa injini ndogo. Piga hesabu: starta ikivuta ampea 200, mita 5 za waya wa 25 zinakula karibu volti 0.7. Waya wa 50 unakula nusu ya hapo. Asubuhi ya baridi, Iringa au Limuru, hiyo tofauti utaisikia kwenye starta.

Angalia usiuziwe alumini iliyopakwa shaba. Imejaa kwenye vifurushi vya kufungia amplifaya za muziki. Chomoa uzi mmoja, uukwangue kwa kisu: ukiona ndani ni mweupe, mrudishie mwenye duka. Sumaku haitakusaidia, kwa kuwa haishiki shaba wala alumini.

Lagi, yaani vichwa vya chuma vya mwisho wa waya, zibanwe kwa koleo ya haidroliki, zisigongwe kwa nyundo. Juu yake vuta mpira unaosinyaa kwa moto.

Hatua ya 2: Fungua betri
Zima kila kitu, chomoa ufunguo, toa hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeshapiga shoti. Subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa waya wowote karibu na eabegi.

Hatua ya 3: Kitako na sanduku
Betri ya gari la aina hii ina kilo 12 hadi 18. Gari likigonga kwa kasi, inasukuma kwa nguvu ya mamia ya kilo, kwa hiyo skrubu za bati na mipira ya kufungia mizigo havina kazi hapa. Tengeneza kitako cha chuma, kipitishie bolti nne za milimita 8 au 10 hadi chini ya sakafu, na kule chini weka washa pana ili bati lisichanike. Kabla hujatoboa, lala chini ya gari utazame: tangi, mabomba ya breki, waya za pampu ya mafuta. Watu wanatoboa kwa kukisia! Ukishatoboa, paka rangi kingo za tundu kabla kutu haijaanza.

Betri iwe ya AGM, ile ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ndani badala ya kuchezacheza kama maji, yenye tundu la kutolea gesi. Ya maji ya kawaida usiilete buti. Hata AGM ikichajiwa kupita kiasi inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka. Kwa hiyo sanduku lenye mfuniko unaobana, na mpira kutoka kwenye tundu la betri hadi nje chini ya gari, mbali na ekzosi.

Hatua ya 4: Fyuzi
Fyuzi kubwa ya aina ya Mega, ampea 250 kwa waya wa 50 na injini ya petroli ya kawaida. Ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye betri, si zaidi. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, ndiyo maana tunakifupisha. Fyuzi iliyofungwa kule mbele karibu na starta ni pambo.

Hatua ya 5: Kupitisha waya
Toa siti ya nyuma na vizingiti vya milango upande mmoja. Vika waya bomba la plastiki lenye mikunjo urefu wake wote, uufunge kila baada ya sentimita 30 au 40. Mbali na reli za siti, maana siti inasogezwa kila siku na reli inakata kama msumeno. Usipitishe chini ya gari karibu na ekzosi.

Kila tundu la bati liwe na raba yake. Hasa pale waya unapopenya kuingia upande wa injini: vuta waya mbele na nyuma kwa mkono, utazame kama ngozi yake inagusa chuma popote. Ikigusa leo, mtikisiko wa barabara utamaliza kazi.

Mbele, pale betri ilipokuwa, funga kituo cha kuunganishia chenye mfuniko. Waya mpya unafika hapo, na zile za starta, alteneta na boksi la fyuzi zinatoka hapo.

Hatua ya 6: Ethi (njia ya hasi kupitia bodi)
Waya mfupi, unene uleule wa chanya, kutoka hasi ya betri hadi kwenye bodi ndani ya buti. Piga msasa hadi chuma king'ae, funga kwa bolti, kisha paka grisi juu. Mbele ongeza waya mnene kutoka bodi hadi kwenye injini. Hapa ndipo wengi wanaposahau, halafu wanalaumu starta.

Hatua ya 7: Pima
Unganisha chanya, hasi iwe ya mwisho. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili gari lisiwake, weka mita kwenye volti: ncha moja chanya ya betri, nyingine kwenye bolti ya starta, mwenzako apige starta. Isizidi 0.5. Upande wa ethi, hasi ya betri hadi bodi ya injini, isizidi 0.3. Rudisha fyuzi, washa gari, pima kwenye betri: 13.8 hadi 14.5.

MASWALI

Mkuu, mimi nina Toyota IST. Nayo inafaa?
Buti ya IST na sehemu ya abiria ni chumba kimoja, gesi utaivuta wewe na abiria. Kama ni lazima, sanduku lisipitishe hewa kabisa na mpira utoke nje. Mimi ningekushauri uache.

Kaka, betri ikiisha kabisa na buti yangu inafunguka kwa umeme tu, nafanyaje?
Dada, ndiyo kazi nyingine ya kile kituo cha mbele. Unabusti kwenye kituo, hasi unaishika kwenye chuma cha injini. E46 nayo ina sehemu yake ya kubusti chini ya boneti.

Nikiweka swichi kuu nyuma, nikiikata gari linazima?
Swichi ya nguzo mbili za kufungia waya haizimi, alteneta inaendelea kulisha injini. Halafu ukikata betri injini ikiwa inazunguka, volti za alteneta zinaruka na zinaweza kuua kompyuta ya gari. Tafuta yenye nguzo nne, inayokata na umeme wa injini.

Hilux je? Nataka kuiweka nyuma kwenye sehemu ya mizigo.
Pikapu bodi yake imefungwa juu ya chesisi, si kitu kimoja nayo kama sedani. Ethi ipeleke kwenye chesisi, kisha chesisi na injini ziunganishwe kwa waya mnene.

Gari litakuwa jepesi?
Litakuwa zito. Waya wa 50 wa mita 5 una kilo kama 3, ongeza kitako na sanduku. Unachopata ni uzito kuhamia nyuma, na kwenye gari la kilo 1,300 hizo kilo 15 za betri utazihisi kwenye uwanja wa mbio, si Morogoro Road.