Jinsi ya kumsimulia Glenn Curtiss watu wasikukimbie

Kama unataka kutengeneza video au kupiga tu stori kijiweni kuhusu Glenn Curtiss, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa pikipiki na ndege, usianze na "alizaliwa mwaka 1878 Hammondsport, New York", hapo ushawapoteza. Anza na kopo la nyanya. Jamaa alikuwa fundi wa baiskeli, akaamua kuifunga baiskeli injini, na kabureta yake ya kwanza akaitengeneza kwa kopo la nyanya, ndani kaweka wavu wa kuvuta petroli. Mtu yeyote aliyewahi kukaa gereji atatega sikio.

Pili, fuata injini, achana na ndege kwanza. Thomas Baldwin, mrusha maputo, alikuwa anahangaikia chombo chake cha angani, puto refu la gesi lenye injini, akaona injini nyepesi ya pikipiki ya Curtiss akaitaka hiyohiyo, na mwaka 1904 chombo hicho, California Arrow, kikapaa nayo. Ukielezea hapa vizuri huna haja ya maneno mengi: angani uzito ndo adui, na pikipiki zilishamfundisha kutoa nguvu kubwa kwenye chuma kidogo.

Halafu sasa tulia kwenye pikipiki yake ya injini ya V8, hapa usiwe na haraka. Silinda 8, nguvu ya farasi kama 40, inapozwa na upepo tu, yeye kaipachika kwenye fremu ya pikipiki, na hakuna mnyororo maana ungekatika, ni shafti inazungusha tairi la nyuma. Tarehe 24 Januari 1907, kwenye mchanga wa Ormond Beach, Florida, akapiga kama kilomita 219 kwa saa! Mwaka 1907 jamani. Aliporudia, jointi ya shafti ikakatika akiwa kasi, fremu ikapinda, na akafanikiwa kusimama mzima.

Ndege yake June Bug iliyoruka Julai 4, 1908 na ushindi wake kwenye mashindano ya ndege ya Reims, Ufaransa, 1909 vitaje fasta. Leseni namba 1 ya urubani Marekani usiikuze, walipanga majina kwa alfabeti.

Ukifika kwa ndugu wa Wright, wale wa ndege ya kwanza, na kesi ya hataza (haki ya uvumbuzi), usichukue upande, sema tu walimshtaki Curtiss na kesi ikaenda miaka na miaka, halafu mwaka 1929 kampuni zenye majina yao zikaungana kuwa Curtiss-Wright. Picha ya V8 weka ya ubavuni, silinda zote za upande mmoja zionekane, pikipiki yenyewe iko Smithsonian, makumbusho ya Marekani.