Somo: kufunga dishi la chaneli za bure hapa Goma (satelaiti Intelsat 20, nyuzi 68.5 mashariki)

Naandika mara moja, nikiulizwa tena nielekeze hapa. Ni dishi kubwa la C-band (aina ya masafa ya satelaiti), la chaneli zisizo na kadi wala malipo ya mwezi.

1. Vifaa: dishi la mita 1.8 au zaidi, LNB ya C-band (kile kichwa mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), kebo, dekoda ya chaneli za bure.

2. Nguzo isimame wima kabisa, pima kwa timazi. Kama lava imekushinda kuchimba, funga kwenye ukuta imara.

3. Elekeza mashariki, nyuzi 88, mwinuko 44 na nusu. Usiweke dira juu ya mabati wala jiwe la lava, vyote vinaivuta sindano.

4. Kwenye dekoda chagua 68.5E, LNB 5150 (namba ya LNB za C-band). Masafa hubadilika, kwa hiyo angalia LyngSat (tovuti yenye orodha ya chaneli na masafa) kabla ya kupanda juu.

5. Kuzungusha LNB. Hapa soma polepole, maana watu wanahangaika na dishi siku nzima wakati kosa liko kwenye LNB. Mawimbi ya satelaiti hii ni ya aina mbili, wima (V) na mlalo (H). Sisi tuko karibu kabisa na ikweta na tunatazama mashariki, hivyo ya mlalo yanatufikia yamesimama, na ya wima yamelala. LNB igeuzwe karibu robo ya mzunguko. Ilegeze, zungusha kidogo kidogo ukitazama kipimo cha ubora kwenye dekoda, si cha nguvu: nguvu hupanda hata dishi likitazama ukuta.
ONYO: ukiiacha kwenye nyuzi 45, H na V zinachanganyika, hupati hata moja safi.
ONYO: chaneli za V zikishika tu ukiandika H, LNB bado haijageuka. Usishuke, maana orodha iliyomo kwenye dekoda haitafanya kazi.

6. Zima dekoda kabla ya kugusa kebo. Kaza boliti, ziba viungo maji yasiingie.

MASWALI

Wa Keshero: Nimefanya yote, hakuna picha. Saidia haraka.
— Ubora unasoma ngapi? LNB umeizungusha? Bila hayo sina la kukujibu.

Wa Keshero: Sikuizungusha, fundi alisema si lazima.
— Rudi hatua ya 5.

Kijana Birere: Mechi za kulipia zitaonekana?
— Hapana. Nimeandika bure, sikuandika kuiba.

Mtoto wa Katuba: Aksanti yaya. Niko Lubumbashi. Ikweta inaingiaje kwenye LNB? Na namba zangu ni hizo hizo?
— Karibu sana ndugu. Satelaiti imekaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000, na mawimbi yake ya mlalo yanafuata mstari wa ikweta. Ukiwa Goma ukatazama mashariki, mstari huo unapanda moja kwa moja hadi utosini, ndiyo maana mlalo unaonekana umesimama. Wewe uko kusini zaidi ya nyuzi 11, kwako mstari umeegemea kaskazini. Tumia mwelekeo 77, mwinuko 41, na LNB nyuzi 72 hivi, wakati Goma ni 87. Kwako upande wa kuzungusha una maana: jaribu kulia, kisha kushoto, bakiza penye ubora mkubwa.

Mzee wa Himbi: Nyongeza kwa vijana: radi ikianza, chomoeni kebo kwenye dekoda.
— Kweli mzee. Na umeme wa ukutani pia.

Mama Kadutu: Hapa Bukavu picha inakatika dakika chache kila asubuhi wiki hii, na mbingu ni safi. Dishi limesogea?
— Hapana mama. Karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba, kwenye saa tatu asubuhi, jua linapita nyuma kabisa ya satelaiti, na kelele zake zinafunika mawimbi. Itaisha yenyewe baada ya siku chache, usiguse boliti. Ila chora alama ya rangi pale dishi linapokutana na nguzo, ili upepo ukilisogeza kweli ujue pa kulirudisha.