Kuziba sakafu iliyoliwa na kutu kwenye Hilux ya zamani

Hilux ya miaka ya 1980 injini yake bado inadai, lakini ukikanyaga upande wa dereva unaiona barabara. Hapa Tanga hiyo ndiyo kazi ninayoletewa zaidi: pikapu imebeba samaki wa Pangani miaka nenda rudi, kapeti halikauki, na mwenye gari anaomba nimbandikie bati juu ili siku ziende. Bati juu ya kutu siweki kwa mtu yeyote. Kutu inaendelea kula chini kwa chini mpaka inafika kwenye mihimili ya kebini, na hapo gharama inakuwa nyingine kabisa.

Anza kwa kutoa viti, mikanda, kapeti na sponji lake. Chini yake kuna shiti za lami zilizobandikwa kiwandani. Zikwangue zote, maana zinaficha ubovu na zikipata moto zinawaka. Kisha gonga sakafu nzima kwa nyundo ndogo. Bati zima linalia, bovu linatoa sauti iliyokufa. Zungushia chaki kila palipokufa.

Sasa usikate kwanza. Tafuta maji yanaingilia wapi, kwa sababu bila kujua hilo utarudia kazi hii. Mtu akae ndani na tochi, wewe nje na mpira wa maji. Mwaga taratibu ukianzia chini ya kioo cha mbele, ndipo upande juu. Mara nyingi ni mpira wa kioo uliokauka, au mpira wa mlango, au tundu linalopitisha waya kutoka kwenye injini. Mlango nao una vitundu vya kutolea maji kwa chini. Vikiziba kwa tope, maji yanabaki mlangoni na mengine yanamwagikia ndani. Ukiona rangi imechunika chini ya pedali peke yake, kagua masta silinda ya klachi, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali: mafuta yake yakivuja yanavua rangi, na bati linabaki uchi.

Kabla ya kuwasha grenda, vua vichwa vyote viwili vya betri. Ingia uvunguni uone paipu za breki, za mafuta na waya zilipopita. Zisogeze au zifungue. Kama paipu ya petroli iko karibu, ifungue na uzibe, wala usijiambie utakuwa mwangalifu. Ndoo ya maji, mchanga, na mtu wa kuangalia cheche upande wa pili viwepo.

Kata kwa kisahani chembamba mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa juu na chini. Hapa ndipo watu wanapolihurumia gari, wanataka nibakize. Bati lililobaki na vitundu kama vya sindano halishiki moto. Ukilichomelea linatoboka, unaziba, linatoboka tena. Pembe za tundu zifanye duara ili zisianzishe ufa. Kama kutu imefika chini ya mlango, tengeneza upande mmoja kwanza ukiwa umeegemeza kebini vizuri, na ufunge mlango mara kwa mara uone kama bado unaingia sawasawa.

Kiraka ni bati jeusi la geji 18, yaani milimita 1.2 hivi. Bati la kuezekea ni jembamba, na moshi wa zinki yake ukiuvuta unakupa homa na baridi usiku. Chora umbo kwenye boksi kwanza, ulijaribu mpaka likae, ndipo ukate chuma. Mikunjo ya sakafu ya kiwandani ndiyo inayoipa ugumu, kwa hiyo irudishe kwa kugonga bati juu ya kipande cha nondo.

Kwa kuchomelea, mashine ya MIG, ile inayotoa waya yenyewe, ndiyo inayofaa. Ukiwa na ya fimbo tu, tumia fimbo za milimita 2 na umeme mdogo. Kuchomelea kwa moto wa gesi kunapasha eneo kubwa na bati linajipinda. Kwa njia yoyote ile, piga doti moja huku, nyingine ng'ambo, subiri pawe pa kushikika kwa mkono, endelea. Anayevuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja atapata sakafu yenye mawimbi.

Ukimaliza, saga, futa kwa thina, na upige redoksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Kwa hewa ya bahari, chuma kikilala wazi asubuhi kimeshageuka rangi. Maungio yazibe kwa gundi ya maungio ya bodi, juu na chini. Ile silikoni inayonuka siki iache dukani: siki hiyo inakula chuma. Rangi ikikauka kabisa ndipo upake lami uvunguni; ukipaka mapema, au juu ya kutu, unafungia unyevu ndani.

Acha matundu ya kutolea maji na uyawekee vizibo vya mpira vinavyotoka. Sponji usilirudishe kama gari linaendelea kubeba samaki, tandika mpira mtupu unaoweza kuutoa ukaanika. Mvua za kwanza zikinyesha, inua mpira huo upapase kona ya chini ya pedali na ile ya nyuma ya kiti. Pakiwa na unyevu, rudi na mpira wa maji kwenye kioo.