Unarudi Mwanza likizo? Soma hii kabla hujakata tiketi

Naandika hii nikiwa kibarazani kwa mama, Kitangiri, zimebaki siku nne niondoke. Hii ni likizo yangu ya pili toka niende nje. Ya kwanza nilikuja Desemba kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, nikarudi Ulaya na deni kwenye kadi, na wiki mbili baadaye nikaangushwa na homa ambayo ntawaelezea huko chini. Ya sasa hivi imeenda vizuri mpaka nashangaa, na siyo kwamba nimeongezewa mshahara, hapana, nimekuja na hesabu tu.

Mi naishi Würzburg, Ujerumani, mwaka wa tatu sasa, nasoma uuguzi kwa ule mfumo wao wa ausbildung, yaani unasoma huku unafanya kazi wodini na mwisho wa mwezi unalipwa. Kwa watu wa Mwanza huo mji siyo mgeni kihivyo, ni mji dada wetu toka 1966. Mengi ntakayosema ni ya Ujerumani ila mlioko Uholanzi, Finland, popote, mtayageuza kidogo yatawakaa.

Anza na tarehe. Sisi tuna siku 30 za likizo kwa mwaka lakini wiki za darasani huruhusiwi kuondoka, kwa hiyo omba mapema kabla ratiba ya shifti haijabandikwa, ukichelewa wenzako wanaokwenda Uhispania washazichukua wiki zote nzuri. Kila mtu anataka Desemba kwa sababu ya sikukuu, na ndo mwezi mbaya kuliko yote kwa mfuko wako, tiketi ziko juu, ndugu wote wako nyumbani, Januari ada za shule zinakusubiri mlangoni. Halafu Desemba Mwanza mvua za vuli zinakuwa bado zipo. Mi safari hii nimekuja Juni, kiangazi, ziwa limetulia, ndugu wako makazini, anayekutafuta ni yule anayekupenda kweli.

Karatasi sasa. Angalia kadi yako ya ukaazi inaisha lini kabla hujagusa hela ya tiketi. Ikiishia huku nyumbani umeumia, itabidi uende Dar ubalozini uanze upya kuomba viza kama vile hujawahi kukanyaga kule. Na kama umeomba kuongezewa wakakupa ile karatasi ya kusubiria, isome vizuri kipengele gani kimewekewa alama: ya kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria yao ya ukaazi unasafiri na kurudi, ya aya ya 3 ukitoka ndo umetoka. Nimeona mtu analia Frankfurt kwa hiyo. Jingine, ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, kibali cha kawaida kinakufa chenyewe hata kama tarehe kwenye kadi bado, kwa hiyo wale wa "nakuja kumuuguza baba mpaka apone" ongeeni kwanza na ofisi ya wageni mpewe ruhusa ya maandishi. Pasipoti nayo, ile ya elektroniki huku nyumbani ni shilingi 150,000, fomu unajaza onlaini ila alama za vidole lazima ufike mwenyewe, ubalozi wa Berlin au huku uhamiaji. Usiiache mpaka imebaki mwezi.

Njia ya kuja. Wengi tunashukia Dar au KIA halafu tunaunganisha ndege ya ndani mpaka Mwanza. Hapa kuna mtego. Ukikata tiketi mbili tofauti, ile kubwa mara nyingi inakupa mabegi mawili ya kilo 23, ya ndani inakupa moja, na ndo pale unasimama kaunta unafungua begi mbele ya watu huku chupi zinachungulia. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, maana kwao we ni abiria ambaye hakutokea. Ukiweza kata tiketi moja mpaka Mwanza, ukishindwa lala Dar usiku mmoja, ni nafuu kuliko presha. Wengine wanashukia Nairobi wanapanda basi kupitia Sirari, au Kigali wanapitia Rusumo, inaokoa hela ila usijaribu na mabegi manne na mtoto. Ukipita Addis au Nairobi ukakaa uwanjani zaidi ya saa 12, kadi ya homa ya manjano wanaweza kukuuliza, iweke kwenye pasipoti kabisa. Na mifuko ya plastiki, ile ya kubebea vitu, acha huko huko, ilipigwa marufuku Tanzania toka tarehe 1 Juni 2019.

Haya, hela. Hapa ndo kwenyewe.

Nyumbani wanajua kitu kimoja tu, kwamba unalipwa kwa euro. Hakuna anayejua kwamba kabla hela haijakufikia ishakatwa bima ya afya, pensheni na kodi, kwamba chumba chenye kitanda na dirisha moja kinakula karibu nusu ya kilichobaki, kwamba chupa tupu za maji huwa narudisha dukani kwa sababu kila moja ni senti 25 na zikifika ishirini nimepata hela ya mkate na mayai. Sikuwahi kuwaambia. Likizo ya kwanza nilikuwa naona aibu, nani anataka kusema mbele ya wajomba kwamba anaokota chupa? Nikawa natabasamu natoa. Mjomba bodaboda yake imeharibika, natoa. Shangazi kikoba, natoa. Rafiki wa sekondari ambaye tulikuwa hata hatusalimiani, eti "umetuletea nini", natoa. Siku ya kumi na tano nikamwomba mama elfu ishirini ya nauli ya bajaji, akaniangalia muda mrefu bila kusema kitu.

Safari hii kabla sijaja nilimpigia mama nikamsomea mshahara wangu wote kwenye simu, mstari kwa mstari, kinachoingia, kinachotoka. Akanyamaza, afu akasema "kumbe unateseka hivyo na unapiga mapicha kwenye theluji." Toka siku hiyo amekuwa askari wangu. Mtu akija na shida anaanzia kwa mama, na mama anajua kiasi kilichopo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: tafuta mtu mmoja nyumbani umwambie ukweli wa hela zako, mmoja tu, awe anaheshimiwa.

Wa pili, gawa hela kabla hujapanda ndege. Mi nilikuwa na mafungu: ya mama, ya ada ya mdogo wangu ambayo nalipa mwenyewe benki kwa namba ya malipo ya shule na siyo mkononi mwa mtu, ya kwangu ya kula na kutembea, ya dharura, na fungu dogo la "shikamoo", noti za elfu tano na elfu kumi, maana ukienda kuwaona wazee huwezi kwenda mikono mitupu, hilo siyo la kujadili. La shikamoo likiisha limeisha. Unasema "mjomba safari hii imeniishia, nikifika nikijipanga ntakukumbuka", na wengi wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Zawadi usijichoshe. Chokoleti zinayeyuka. Soksi za kuchezea mpira kwa vijana, miwani ya kusomea kwa wazee, tochi nzuri ya kuchaji, mama mdogo nilimletea kisu cha jikoni na ameshakionyesha mtaa mzima.

Hela usibebe yote taslimu. Unatuma kidogo kidogo kwa apu kwenda M-Pesa au Airtel Money, unalinganisha viwango maana apu moja inakuambia makato sifuri kumbe imekuibia kwenye kiwango cha kubadilishia. Ila ili hiyo ifanye kazi laini yako ya Bongo iwe hai. Laini ikikaa bila kutumika inafungwa, na kusajili upya ni alama za vidole na namba ya NIDA. Mi huwa naiweka vocha na kutuma meseji moja kila mwezi nikiwa kule, basi.

Kiwanja. Najua unataka kiwanja. Kila aliyeko nje anataka kiwanja Buhongwa, Kisesa au Usagara, na kila aliyeko nje ana stori ya ndugu aliyetumiwa hela ya msingi akatuma picha za msingi wa mtu mwingine. Yangu ni ndogo tu, nilitoa kishika uchumba kwa dalali kupitia simu, nilivyofika nikakuta kiwanja kinauzwa kwa watu watatu na mmoja kashaweka mawe. Usilipe kiwanja ukiwa nje. Njoo usimame juu yake, ongea na majirani wa pande zote, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi ujue jina lililoandikwa ni la nani. Inachukua siku kadhaa kwa hiyo ianze wiki ya kwanza ya likizo, siyo ya mwisho. Na kama umeshachukua uraia wa kule jua kwamba wa hapa umeupoteza, mtu mzima haruhusiwi kuwa na mbili, kwa hiyo mambo ya ardhi uliza mwanasheria kwanza.

Ile homa sasa. We umezaliwa Igoma, umekua na malaria kama mafua, unadhani mwili unakumbuka. Haukumbuki bana. Ukikaa miaka miwili bila kuumwa na mbu wa huku ile kinga uliyojijengea inapungua, unakuja kama mzungu tu. Mi nilichekwa nilivyosema nataka dawa za kuzuia, "mtoto wa Igoma unameza dawa za watalii", nikaona aibu nikaacha na hata chandarua sikushusha. Würzburg baridi la Januari nikaanza kutetemeka, daktari wa mtaani akasema ni mafua ya msimu, akanipa siku tatu za kupumzika. Kilichoniokoa ni kwamba mi mwenyewe nasoma uuguzi, nikaenda hospitali kubwa usiku nikawaambia nimetoka Tanzania, pimeni malaria. Ilikuwepo. Kwa hiyo ukipata homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, neno la kwanza mdomoni kwa daktari liwe "nimetoka Tanzania". Wao hawaizoei, hawataiwaza. Na bima ya kule haikulipii matibabu huku, kuna bima ya safari ya mwaka mzima ambayo bei yake haifiki hata chakula cha watu wawili mgahawani, chukua.

Ziwa nalo lina lake. Najua hamu ya kuingia majini, umekaa miezi unaangalia mto Main wenye baridi, unafika unataka kuruka. Kichocho kipo, hasa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia penye matete, konokono wanakaa hapo. Ukishaingia usikae na wasiwasi wa bure, ila kama miezi mitatu baadaye nenda kapime, dawa yake ipo na inatibu. Kule Ujerumani taja neno ziwa Victoria, kwenye vitengo vya magonjwa ya tropiki wanalijua.

Kutembea tembea. Kama mara ya mwisho ulivuka Busisi kwa kivuko ukiwa umepanga foleni juani, daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, unavuka kwa dakika chache tu. Mi nimeenda Sengerema kwa shangazi nikarudi mchana huo huo, zamani hiyo ilikuwa safari ya kuaga. Nikikumbuka wauza mahindi na karanga wa pale kivukoni nawaonea huruma kidogo, sijui wamehamia wapi. Ukerewe nenda, panda meli mpaka Nansio, au zunguka Bunda uvukie Kisorya. Na Bukoba kwa meli ya usiku unaamka umefika. Kisiwa cha Saanane ni pale pale mjini, nzuri kama una watoto waliozaliwa kule, wataona swala na pimbi na utarudi mapema kula sato.

Mwisho ni begi la kurudia. Umoja wa Ulaya nyama hawataki, maziwa na samli hawataki, hata kidogo, wanatupa mbele yako. Samaki ndo tofauti, unaruhusiwa mpaka kilo 20 za matumizi yako. Nilivyojua hilo nilikaribia kulia kwa furaha. Asali mpaka kilo mbili. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, ila ndizi, nanasi na nazi zinapita, embe la mama haliendi popote. Dagaa nunua Mwaloni Kirumba asubuhi, waliokaushwa kwenye chanja siyo mchangani, chukua wachache mkononi tafuna, kama meno yanakwaruza ondoka. Kaange kavu nyumbani, wapoe kabisa, fungasha tabaka tatu kwenye ndoo yenye kifuniko, maana harufu ikitoka kwenye nguo zako utapanda tramu na watu watahama siti. Kayabo, samaki wa chumvi aliyekaushwa, nayo inasafiri vizuri. Mabondo, yale ya tumboni mwa sangara, achana nayo, hiyo ni biashara ya watu wenye vibali.

Kamizani kale ka kuning'iniza begi kanunue huko huko ni bei rahisi. Begi langu linasoma kilo 22 na nusu, na mama bado hajaleta michembe yake, vile viazi vitamu vya kukausha.