Nyumba ya bei rahisi kijijini Bulgaria: isome kwanza obshtina

Mtu anayelipa kodi ya chumba London au Munich akiona bei ya nyumba ya kijijini kaskazini-magharibi mwa Bulgaria hudhani muuzaji amesahau sifuri. Bei hiyo ina sababu zake, nazo ziko katika jiografia na idadi ya watu wa mahali penyewe. Nitautumia mfano wa Chuprene.

Chuprene ni obshtina, yaani halmashauri, moja kati ya 265 za Bulgaria, na iko katika mkoa wa Vidin. Haina mji hata mmoja. Ni vijiji vilivyotawanyika mabondeni chini ya safu ya milima ya Stara Planina, na hata makao makuu yake ni kijiji. Mpaka wa Serbia unapita juu ya kilele cha Midzhur, chenye mita 2,169, na misitu iliyo chini yake ni hifadhi iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1977. Mto Lom, unaomwaga maji yake katika mto Danubi, huanzia milima hiyo na kupita kijiji cha Gorni Lom, kisha Dolni Lom. Jifunze maneno gorni na dolni, kwani yanajirudia kote nchini: gorni ni cha juu, dolni ni cha chini, na kijiji cha juu kwa kawaida ndicho theluji inakokawia kuyeyuka.

Kuhusu watu, sensa ya 2011 ilihesabu takriban 101,000 katika mkoa mzima wa Vidin. Ya 2021 ilihesabu takriban 75,000. Robo ya watu imetoweka katika miaka kumi, kwa sababu vifo vinazidi vizazi na vijana wamehamia Sofia au nchi nyingine za Ulaya. Tena usiitegemee idadi ya waliosajiliwa, kwa kuwa sheria ya Bulgaria hutofautisha anwani ya kudumu na anwani ya sasa, na wengi walioandikwa kijijini huishi kwingine.

Ukifika, tazama mageti. Wabulgaria hubandika nekrolog, karatasi yenye picha ya marehemu, getini, nguzoni na kwenye kituo cha basi, na huibandika upya kila kumbukumbu inapofika. Geti lenye karatasi tatu zilizofifia na ua ulioota magugu ni nyumba isiyo na mtu. Jirani wa kweli ni yule ambaye kufikia Septemba amekwisha kupanga kuni ukutani, maana huku jiko la kuni ndilo hupasha nyumba joto.

Jambo la sheria huwanasa wengi: raia wa nchi za Umoja wa Ulaya anaweza kumiliki ardhi, lakini mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au hata Uingereza anaweza kumiliki jengo tu, si ardhi lililosimama juu yake, isipokuwa kwa njia kama urithi au kampuni iliyosajiliwa Bulgaria. Nyumba ya kijijini huuzwa pamoja na ua wake, kwa hiyo mwone wakili kabla ya kutoa arubuni, na awe wakili wako, si wa muuzaji.

Safari ya kukagua ifanye Januari. Panda treni ya Sofia–Vidin, shuka kituo cha Gara Oreshets, ukiwa umeshapanga gari la kukupokea. Asubuhi simama barabarani kijijini uhesabu mabomba ya paani yanayotoa moshi: hizo ndizo nyumba zenye watu.