Nguo Kuukuu: Imekwisha, au Bado Inashika Sindano?

Nguo haihesabiwi miaka. Leso ya miaka 10 iliyofuliwa kwa upole na kuanikwa kivulini huweza kuwa na nguvu kuliko shati la mwaka mmoja lililolowekwa jiki kila Jumamosi. Kwa hiyo ukisimama mbele ya kabati usijiulize uliinunua lini, wala imepauka kiasi gani. Jiulize kama kitambaa bado kinashika sindano. Kikishika, nguo ina maisha, iwe kwako au kwa mwenzio. Kisiposhika, kila kiraka utakachotia kitang'oka na kipande cha nguo yenyewe, na pesa ya fundi imekwenda bure.

Wengi huona uzito kutoa nguo, na uzito huo una asili njema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Lakini kabati lililojaa nguo zisizovalika lina hasara kubwa zaidi hapa Mombasa kuliko miji ya bara iliyo mikavu. Nguo zilizobanana hazipiti hewa, unyevu hukwama katikati, na kawa, vile vidoa vyeusi vya unyevu, huanzia kwenye nguo mbovu ikahamia kwenye nzima.

Jasho letu halikauki upesi. Tena nyumba nyingi hufulia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Mtu huzidisha sabuni, husugua kwa nguvu, kisha huianika nguo juani kutwa nzima. Chumvi na sabuni isiyosuuzika hubaki ndani ya nyuzi, kitambaa kikawa kigumu na cha kijivujivu. Nguo ya namna hiyo huonekana imekufa na kumbe imeshiba sabuni tu. Kabla hujaihukumu, iloweke saa 1 katika maji baridi lita 4 yenye kikombe kimoja cha siki nyeupe, isuuze mara 2 kwa maji ya bomba au ya mvua, ikaushe. Taulo nyingi huponea hapo.

Siki na jiki zisikutane kamwe, wala katika ndoo moja wala kwenye nguo ambayo haijasuuzwa. Zikichanganyika hutoa hewa ya klorini, nayo ni sumu kwa mapafu, hasa katika bafu dogo lisilo na dirisha. Vivyo hivyo usimwage jiki juu ya nguo za mtoto zilizolowa mkojo. Zisuuze kwanza kwa maji matupu.

Kupima

Wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna. Wengine huipanga kazi hii kabla ya Ramadhani, na hilo nalo jema, maana nguo zitakazotoka zitawahi kuwafikia watu kabla ya Idi. Wakati wa masika, Aprili na Mei, usipime kitu. Pamba ikiwa na unyevu huwa na nguvu zaidi kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo nguo iliyooza itakudanganya kwamba ni nzima. Madera mengi ni kinyume chake: yameshonwa kwa kitambaa cha rayoni, ambacho hupoteza nguvu nyingi kikilowa. Ndiyo maana dera linachanika mikononi mwa mfuaji anayelisokota kulikamua, ilhali likikauka linaonekana halina neno. Dera likamue kwa kulibana tu, na ulipime likiwa kavu kama nguo nyingine.

Toa nguo kama 20 kwa kikao kimoja. Ukitoa kabati zima utachoka, na mtu aliyechoka hurudisha kila kitu.

Anza na nuru. Inyooshe nguo mbele ya dirisha na utazame mahali panaposuguliwa: kwenye matako, pachipachi za mapaja, viwiko, kwapa, na mgongoni chini ya ukosi. Linganisha na mahali pasipoguswa na kitu, kama ndani ya pindo. Ukiona nuru inapita kwa wingi katikati na kwenye pindo haipiti, nyuzi zimelika. Hapo hujatoa hukumu bado, umejua tu pa kupima.

Pashike hapo kwa vidole gumba viwili, umbali wa sm 3 kati yao, uvute polepole: kwanza kwa urefu wa nguo, halafu kwa upana. Tegesha sikio. Kitambaa kizima hunyamaza. Kilichooza hutoa mlio mdogo, ta-ta-ta, wa uzi mmoja mmoja ukikatika, hata kabla jicho halijaona tundu. Ukiusikia mlio huo kwa urefu na kwa upana, mahali hapo hapashoneki tena. Ukiusikia upande mmoja tu, nenda kwenye sindano.

Tunga uzi, uupitishe kwenye kitambaa nusu sentimita kutoka ukingo wa tundu au wa mahali palipolika, ufunge fundo, kisha uvute kwa nguvu zile unazovutia kifungo cha shati. Uzi ukitembea ndani ya kitambaa na kuacha mfereji, sogea hadi sm 2 ujaribu tena. Ukishika hapo, nguo inatengenezeka, na umeshapata kipimo cha kiraka: lazima kivuke tundu kwa sm 2 kila upande, kikae juu ya kitambaa chenye nguvu. Viraka vingi hung'oka kwa sababu vilikatwa sawasawa na tundu na kushonwa juu ya nyuzi zilizokwisha kufa. Ukisogea sm 5 na bado uzi unatembea, iache.

Lastiki ina kipimo chake. Vuta kiuno cha chupi au cha suruali ya kulalia mpaka kiongezeke kwa nusu ya urefu wake, uachie. Kikirudi mara moja, kizima. Kikirudi taratibu huku kikipinda kama jani, au ukisikia vijipande vikivunjika ndani, lastiki imekufa, na hakuna kufua kutakakoifufua. Suruali ikiwa nzima, fundi atabadilisha lastiki kwa dakika chache. Chupi haifai gharama hiyo. Sidiria nayo, ukiifunga kwenye kishikizo cha mwisho kabisa na bado ukanda wa mgongoni unapanda juu, kazi yake imekwisha hata kama vikombe vinang'aa.

Harufu, kawa na madoa

Nguo nyingi hazitolewi kabatini kwa tundu bali kwa harufu. Poliesta hushika mafuta ya mwili kuliko pamba, kwa hiyo fulana ya mpira inaweza kunukia sabuni kambani na kunuka kwapa nusu saa baada ya kuvaliwa. Kuipima ni rahisi: ikiwa safi na kavu, weka kitambaa chenye unyevu juu ya kwapa la nguo, pitisha pasi ya moto wa wastani kwa sekunde 5, halafu unuse. Moto hufufua kilichojificha. Harufu ikitoka, igeuze nguo ndani nje, paka sabuni ya mche palepale pakavu, acha dakika 30, sugua, kisha iloweke kwenye siki kwa kipimo kile kilichotajwa juu. Ikitoka tena mara ya pili, iache iende.

Madoa ya manjano ya kwapani kwenye shati jeupe au kanzu usiyapeleke kwenye jiki. Mengi hutokana na jasho likichanganyika na chumvi za alumini zilizomo katika dawa za kuzuia jasho, na jiki huyazidisha rangi. Jiki pia huifanya poliesta nyeupe iwe ya manjano na huila lastiki.

Kawa ndiyo adui yetu hasa. Kwenye pamba nyeupe inatoka ikiwahiwa: vijiko 4 vya mezani vya jiki kwa lita 10 za maji baridi, dakika 15, usizidishe, kisha suuza mara 3 na uanike juani. Kwenye nguo ya rangi, siki na jua, na kurudia. Lakini vidoa vikiwa vimepita upande wa pili, paguse kwa ncha ya kucha. Kuvu hula pamba yenyewe. Ukikwaruza kidogo na nyuzi zikatoka unga, tundu limekwisha kuanza na linasubiri kufuliwa tu. Nguo hiyo usiirudishe kabatini hata kwa usiku mmoja.

Kila nguo na mahali pake pa kufia

Leso huanza kufa kwenye pembe za juu, pale inapopindwa na kuchomekwa, na katikati panapokaliwa. Pindo huwa nzima miaka. Kwa hiyo leso iliyochoka kiunoni bado hufunikia unga na kufungia mtoto uwinda, lakini usiibebee mtoto mgongoni kabla hujaipima kwa vidole pale kwenye pembe. Uzito wote wa mtoto huning'inia kwenye fundo.

Shati la ofisini hufa ukosi. Ukosi uliolika kwenye mkunjo, na shati lenyewe zima, hugeuzwa: fundi huufumua, upande wa chini ukaja juu, akaushona upya. Kazi hii hufanyika mara moja tu kwa kila shati, basi tazama mshono kabla hujalipeleka, hasa ukiwa umelinunua mtumba soko la Kongowea. Huenda mwenyewe wa kwanza alishaugeuza.

Jinzi hufa pachipachi. Ukiwahi kutia kiraka kwa ndani wakati nuru ndiyo kwanza inaanza kupita, utapata mwaka mwingine au zaidi. Ukingoja tundu, utapata miezi.

Buibui hufa pindo kwa kuburura chini, na hilo si kifo: likatwe sm 2, lishonwe upya. Kisichotengenezeka ni mng'aro wa viwiko na makalio unaotokana na pasi ya moto sana. Pale poliesta imeyeyuka, na kilichoyeyuka hakisuguliki kikawa cheusi tena. Rangi nyingi za kuchovya zinazouzwa madukani hazishiki poliesta, zinashika pamba. Ukitaka kujua ulicho nacho, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono, ushike kwa kibanio juu ya sinki, uuwashe. Pamba na rayoni huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu.

Punje hiyo ndiyo sababu ya onyo moja: tambara la poliesta lisiwe la kushikia sufuria wala la kukaa karibu na jiko. Likishika moto hudondoka likiwa la moto na kugandia ngozi.

Ya kutoa, ya kukata, ya kutupa

Ya kutoa ni ile ambayo ungeivaa mwenyewe mbele ya wageni kama ingekuenea. Suratul Baqara, aya ya 267, imekwisha kusema juu ya kutoa kibaya ambacho wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho, na hata asiye Mwislamu ataiona haki iliyomo. Ifue, ikaushe, kaza vifungo, pima zipu mara 3 juu na chini, uikunje. Kumpa mtu shati lisilo na vifungo ni kumpa kazi na gharama. Sare za shule zitoe kabla ya muhula kufunguliwa, na zile zilizoachiwa pindo utazame alama ya mkunjo wa zamani. Siki kidogo na pasi hupunguza mkunjo, lakini mstari uliopauka hautoki.

Ukipima gharama ya fundi, tumia theluthi. Kutengeneza kukizidi theluthi ya bei ya kununua nguo kama hiyo ikiwa nzuri, itengeneze tu ikiwa ni ya thamani kwako: kanzu ya harusi, leso ya marehemu. Hizo hazimo katika hesabu hii, na hakuna haja ya kuziombea radhi. Zifue, zikaushe kabisa, zikunje ndani ya kitambaa cha pamba na uzitoe jua la asubuhi mara 2 kwa mwaka.

Ya kukata ni pamba iliyoshindwa sindano lakini bado inanyonya maji. Toa kwanza vifungo, zipu na ndoano; kifungo kilichosahaulika huchora kioo na meza. Leso ya mita 1.5 kwa 1.1 hutoa matambara 15 ya sm 30 kwa 30, na utepe wa sm 20 unaobaki hufaa kufungia mimea. Sehemu zilizolika zaidi zitenge kwa mafuta na rangi, utumie mara moja utupe. Shuka kuukuu likate sm 60 kwa 60 kwa kupigia deki. Poliesta usiihangaikie, haipangusi, inasukuma maji tu.

Ya kutupa ni chupi, soksi zilizotoboka kisigino, sidiria zilizolegea, nguo za kawa iliyokomaa na poliesta iliyochanika. Zifue kwanza, maana kuna mtu atakayezishika. Chupi zikate vipande viwili ili asije akaziokota mtu kwa kuvaa. Usizichome uani: moshi wa poliesta unakwaruza koo na macho ya jirani. Wala usizisukume kwenye mtaro. Kitambaa hakiozi upesi, hushika uchafu mwingine, na mvua za masika zikija maji hurudi mlangoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo zitie kwenye gunia kuukuu, funga mdomo kwa utepe wa ile leso, uliweke nje siku ya wazoa taka, asubuhi, si usiku, kabla paka hawajalifungua.