Betri ya pikipiki ya zamani huku pwani: pima kwanza, kununua baadaye

Ukipita steji yoyote hapa Malindi asubuhi hukosi kuskia mtu anasema betri imekufa, na mchana ashafika dukani kununua nyingine, na baada ya miezi michache hio mpya nayo imekufa vilevile. Betri nyingi zinauliwa na pikipiki yenyewe, au na chumvi yetu hii, au na kiu tu ya maji, sasa ukinunua mpya bila kujua ya kwanza imekufa na nini umetupa pesa. Kwa hivo kitu cha kwanza cha kununua ni mita. Ile ya kidijitali ya bei rahisi kabisa inatosha, na ukishajua kuitumia fundi hatakuambia jambo usilolielewa.

Iache pikipiki ilale usiku mzima, asubuhi kabla hujapiga kiki weka mita kwenye DC volti 20, waya mwekundu kwa pozitivu na mweusi kwa negativu. Ikisoma 12.6 mpaka 12.8 betri imejaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo na hapo inaumia, manake betri ya asidi ikikaa njaa siku nyingi sahani zake zinashika ukoko wa salfeti na ukoko huo ukishakuwa mgumu hautoki tena hata uchaji vipi. Afu kuna namba moja muhimu sana, 10.5. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila seli kama volti 2.1, kwa hivo ukichaji mpaka mwisho, ukaiacha ikatulia, na bado inasoma 10.5 hivi, jua seli moja imekufa na hio betri haifufuki, mtu asikule pesa yako kuichaji mara ya pili. Zile pikipiki ndogo za miaka ya 1970 nyingi ni za volti 6, gawa namba zote kwa mbili, isipokuwa ile ya 10.5, manake hizo zina seli tatu tu na moja ikifa itasoma kama 4.2.

Kuna jambo linachanganya wengi kwenye pikipiki ndogo za zamani. Taa kubwa mara nyingi haitoki kwa betri, inatoka moja kwa moja kwa magneto injini ikizunguka, kwa hivo mtu anaona taa inamulika mpaka ng'ambo ya mto Sabaki anasema betri yangu mzima. Usiangalie taa kubwa. Zima injini, washa swichi, piga honi huku umewasha indiketa, honi ikikwaruza na indiketa ikapunguza mwendo hapo ndo betri inaongea ukweli. Yenye selfu, weka mita ubonyeze selfu, volti zikishuka chini ya 9.5 hivi na jana ulichaji vizuri basi betri imechoka.

Sasa pima pikipiki yenyewe, na hapa ndo watu wengi wanaruka. Washa injini, panda resi mpaka kama mizunguko 4000 au 5000 kwa dakika, angalia mita kwenye betri. Inatakiwa kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15 rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti chaji, imeharibika na inachemsha maji ya betri, utaona maji yanaisha kila wiki na maganda ya betri yanavimba. Ikibaki 12 na kitu hata ukipanda resi, chaji haifiki, na kabla hujalaumu koili ya magneto fuata waya.

Fuata waya wa negativu. Toa saidi kava, angalia ule waya mweusi unapofungwa kwenye chesisi. Pikipiki inayoshinda barabara ya ufuoni, au inayobeba watu kwenda Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, utakuta hapo kwenye bolti unga wa kijani na mweupe, na kichwa cha waya kimekuwa cheusi. Fungua bolti, piga msasa kichwa cha waya pande zote mbili, piga msasa na chesisi yenyewe mpaka chuma king'ae, rangi isibaki chini ya bolti, kaza, afu paka grisi au vaselini juu. Fanya hivohivo kwa vichwa vya betri, kwa kishikio cha fyuzi, na kwa plagi ya rektifaya. Unga mweupe kwenye betri usiukwangue na mkono, mimina maji yenye magadi, yale ya kulainishia maharagwe, utaona yanatoa povu, yanaua asidi, suuza kausha. Ila vifuniko vya seli viwe vimefungwa, magadi yakiingia ndani yanaua asidi ya betri pia. Nina imani kabisa robo saa hii ya msasa imeokoa betri nyingi kuliko duka lolote la spea.

Maji. Betri ya vifuniko ina mistari miwili ubavuni, maji yakae katikati ya hio mistari. Hewa yetu ya joto inayakausha haraka na betri yenyewe imekaa chini ya kiti karibu na injini, kwa hivo kipindi cha kaskazi angalia kila wiki mbili, kipindi cha kusi mara moja kwa mwezi inatosha. Tumia maji yaliyotoneshwa peke yake, yale ya chupa ya betri. Usitie maji ya kisima, visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi ndani ya betri inakula sahani. Wala usiongeze asidi, asidi haiondoki, kinachopotea ni maji, ukiongeza asidi unaifanya kali na unachoma sahani.

Kuchaji ni polepole, moja ya kumi ya saizi ya betri, ile namba ya Ah, yaani ampia-saa. Ya Ah 5 ichaji kwa nusu ampia, ya Ah 9 kwa kama 0.9, masaa kumi hivi au zaidi. Chaja ya gari iliyowekwa juu sana itaichemsha betri ndogo kwa lisaa limoja. Fungua vifuniko, kaa penye hewa, na sigara mbali kabisa, manake gesi inayotoka ni haidrojeni na inalipuka kweli. Asidi ikikurukia jichoni osha na maji mengi dakika 15 zisizopungua, afu nenda hospitali, usisubiri kuona kama itapoa.

Ukishahakikisha betri ndo imekwisha kweli, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Linganisha vitu vinne: volti, Ah, ukubwa wa boksi, na pozitivu iko upande gani, manake ikiwa upande mwingine waya haufiki na utashawishika kuupindisha. Usinunue Ah kubwa kuliko pikipiki inavyotaka ukidhani itadumu, koili ndogo haiwezi kuijaza. Za kufungwa kabisa zisizotiwa maji ni nzuri kama chaji ya pikipiki yako iko sawa, lakini waambie wapime mbele yako, ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, iache. Za lithiamu mimi sishauri kwa pikipiki yenye rektifaya ya zamani, zile hazivumilii volti kupanda.

Za kutia asidi dukani: tia mpaka mstari wa juu, subiri nusu saa, ikishuka ongeza hio hio asidi, afu chaji polepole kabla ya kufunga. Watu wana haraka, wanaifunga hapohapo na betri inaanza maisha ikiwa haijajaa, na haitajaa vizuri tena. Na tafadhali angalia ule mdomo mdogo ubavuni, una kifuniko chekundu cha plastiki, kitoe, usipokitoa gesi haina pa kupitia na betri inapasuka. Hapo chomeka mpira wa kupumulia betri, uelekeze chini mbali na cheni na mbali na ekzosi, asidi ikidondokea cheni inaikula.

Kutoa betri, anza na negativu. Kufunga, negativu iwe ya mwisho. Spana ikigusa chesisi ukiwa kwenye pozitivu na negativu bado imefungwa utaona cheche utakazozikumbuka. Ukimaliza washa injini upime tena ile 13.5 mpaka 14.5.

Kuna zile pikipiki zinazolala nyumba za Wataliano kuanzia mvua za masika mpaka msimu urudi. Mlinzi au mtunza bustani toa waya wa negativu tu, na chaji mara moja kwa mwezi. Za alamu na traka ndo zinakwisha haraka zaidi, hata kwa wiki chache. Kujua kama kuna kitu kinanyonya: zima swichi, chomoa negativu, weka mita ya ampia katikati ya waya na betri. Pikipiki ya zamani isiyo na alamu inatakiwa isome sifuri au karibu na hapo. Ikisoma kitu, chomoa moja moja, redio, chaja ya simu, taa za urembo, mpaka ipotee.

Ile kuukuu usiitupe jaani wala usimpe mtu ayeyushe risasi yake atengeneze chubwi za kuvulia. Moshi wake ni sumu kwa watoto kuliko mtu yeyote. Hapo mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu risasi mwilini mpaka Phyllis Omido akasimama kupigana nacho, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman kwa kazi hio. Irudishe dukani ikiwa imesimama wima na asidi ndani, usiimwage mtaroni, na uliza watakupunguzia ngapi kwenye mpya, maduka mengi yananunua kwa uzito.